Kinyago cha pembe ya mamothi: simba, farasi, ndege wa majini au mamothi mwenyewe?

Anayetafuta kinyago cha pembe ya mamothi, yule jamaa wa tembo wa enzi ya barafu aliyekwisha kutoweka, kiwe cha pembe halisi kutoka Siberia au nakala ya resini kutoka duka la makumbusho Ujerumani, huanza na bei. Bei ikishakubalika ndipo anapokwama: achukue mnyama gani? Muuzaji atamwambia farasi ni mafanikio, simba ni nguvu, korongo ni maisha marefu, na ataongea kana kwamba wanyama wote walikaa kikao kimoja wakagawana maana.

Hawakugawana. Farasi wa Wasakha wa Siberia ana hadithi yake, farasi wa Wachina ana yake, na yule aliyechongwa kusini mwa Ujerumani miaka karibu 40,000 iliyopita alichongwa na watu ambao hawakutuachia hata neno moja la maelezo. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mnyama, amua kwanza unaazima maana kwa nani. Ukishalijua hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Hapa nawalinganisha wanne wanaojirudia zaidi katika sanaa hii, tangu enzi ya barafu hadi karakana za leo. Wapo na wadogo wawili wa Kijapani, nao nitawapitia kwa haraka kabla ya kufika kwenye sheria.

## Vigezo

Kila mnyama nimempima kwa mambo manne. La kwanza ni ushahidi: kinyago chenyewe kimetoka wapi, na tunakijuaje. La pili ni maana, na hapo nitatenganisha ile inayosimuliwa na wenyewe na ile iliyokisiwa na wanaakiolojia. La tatu ni umbo. Pembe ya mamothi imejipinda, imejengwa kwa tabaka juu ya tabaka, ina shimo upande wa mzizi, na ikikauka vibaya hupasuka kufuata tabaka zake. Si kila mnyama anakubali kutoka ndani yake. La nne ni mtu: anamfaa nani, na aliyepewa atamwonaje.

Urembo sikuuweka. Huo kila mtu ana jicho lake.

## Simba

Ushahidi. Wa kwanza kutajwa daima ni Simba-mtu wa pango la Hohlenstein-Stadel, kusini mwa Ujerumani. Vipande vyake vilifukuliwa mwezi Agosti 1939, siku chache kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Uchimbaji ukasimama, vipande vikawekwa kando, na ilipofika 1969 ndipo mwanaakiolojia Joachim Hahn alipoanza kuviunganisha na kugundua kwamba ni sanamu. Vipande vingine vilipatikana pangoni humo katika uchimbaji uliofanyika kati ya 2009 na 2013. Leo amesimama katika makumbusho ya mji wa Ulm akiwa na urefu wa sm 31: kichwa cha simba, mwili wa mtu, na mistari saba iliyokatwa kwenye mkono wa kushoto. Katika pango la Hohle Fels, si mbali sana na hapo, alipatikana mwenzake mdogo wa sm 2.5. Basi halikuwa wazo la mtu mmoja aliyeota ndoto usiku.

Maana. Wapo wanaosema ni mganga aliyevaa ngozi ya simba, wengine roho, wengine mhusika wa hadithi iliyojulikana na kila mtu kambini. Hakuna aliyethibitisha. Yenye uzito zaidi kwangu ni hoja ya muda: waliojaribu kumchonga upya kwa vifaa vya mawe walitumia zaidi ya saa 300. Kikundi kidogo cha wawindaji kikimwachia mtu mmoja muda wote huo, tena katika baridi ile, kitu anachokichonga hakiwezi kuwa cha kuchezea. Lakini kutoka hapo hadi kwenye kibandiko cha dukani kinachosema "nguvu na ujasiri" kuna safari ndefu, na muuzaji huiruka.

Simba wa Kichina ana habari tofauti kabisa. Hukaa wawili wawili mlangoni, dume ameweka mguu juu ya mpira na jike juu ya mtoto, na kazi yao ni ulinzi. Hapo maana ni wazi na wenyewe wanaieleza.

Umbo. Simba-mtu amesimama wima kama pembe yenyewe ilivyo, na mchongaji alilitumia lile shimo la mzizi kupata nafasi katikati ya miguu. Ni akili ya mtu aliyeijua malighafi yake. Jambo moja la kumwandaa msomaji wa huku kwetu: simba wa mapangoni, jinsi walivyochorwa enzi hizo, hawana manyoya ya shingoni. Aliyezoea dume la Serengeti atamwangalia Simba-mtu na kusema huyu ni jike, na hatakuwa wa kwanza. Hata wataalamu wamebishana kuhusu jinsia yake kwa miaka mingi.

Anamfaa nani. Mtu anayependa swali kuliko jibu: mwalimu, mwanafunzi wa historia, mpenda sanaa. Kwa anayetaka ulinzi wa mlango wa duka lake, jozi ya Kichina ina mantiki zaidi. Na kwa zawadi ya Afrika Mashariki simba hahitaji tafsiri, ingawa katika ngano zetu ana nguvu tele na bado sungura humchezea shere.

## Farasi

Ushahidi. Farasi mdogo wa pango la Vogelherd alipatikana 1931 katika uchimbaji wa Gustav Riek. Ana urefu wa sm 4.8, shingo imepinda kama upinde, na yuko katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Tübingen. Huyo ndiye wa kale. Wa karibu zaidi ni farasi wa Wasakha: British Museum ina sherehe nzima ya kiangazi iliyochongwa kwa pembe ya mamothi na mafundi wa Yakutia, nchi ya Wasakha, kabla ya 1867: watu, farasi, nguzo na vyombo, vyote vidogo vidogo.

Maana. Kwa farasi wa Vogelherd tunarudi kwenye kukisia. Hahn aliwahi kupendekeza kwamba wanyama wa mapango hayo walichaguliwa kwa sababu ya nguvu na ukali, na shingo ile wapo wanaoiona kama ya dume linalojitutumua mbele ya majike. Inawezekana.

Kwa Wasakha hakuna haja ya kukisia. Farasi wao hulala nje kipindi chote cha baridi, hata nyuzijoto zikishuka chini ya -50, wakifukua theluji kwa kwato kutafuta majani. Katika imani ya jadi wanatoka kwa Jösögöy, mungu anayewapa watu farasi. Mwezi Juni, kwenye sherehe ya Ysyakh, maziwa ya farasi yaliyochachushwa hunywewa na kumiminwa kama sadaka kutoka kikombe cha mbao kiitwacho choron, ambacho mara nyingi miguu yake huchongwa kama kwato. Nguzo za kufungia farasi, nazo huitwa serge, husimama mbele ya nyumba kama alama ya ukoo na heshima. Kwa hiyo farasi wa Yakutia anasema riziki, ukoo na kuvuka baridi salama. "Kasi" na "uhuru", maneno yanayopendwa na matangazo, hayapo mbele katika orodha hiyo.

Uchina, farasi ni mafanikio na kusonga mbele, na ukiona wanane pamoja ni wale wa Mfalme Mu wa ukoo wa Zhou. Mwaka 2026 ni wa farasi katika kalenda yao, hivyo utamkuta kila duka.

Umbo. Hapa farasi anapoteza alama. Miguu myembamba haipendani na pembe. Yule wa Vogelherd amebaki bila miguu, na ndiyo hatima ya wengi. Mchongaji mzuri humlaza, au humwacha ameungana na kitako, au huchonga kichwa na shingo tu. Ukimwona farasi anayeruka kwa mguu mmoja, mwulize muuzaji kama kweli ni kipande kimoja au mguu umegundishwa.

Anamfaa nani. Mfugaji, mtu aliyeanza biashara, familia inayohamia mahali pagumu. Kati ya wanne hawa ndiye mwenye maana iliyo hai na iliyoelezwa vizuri zaidi, mradi umchukue kwa Wasakha au Wachina na ulijue hilo.

## Ndege wa majini

Ushahidi. Katika Hohle Fels kulipatikana ndege wa sm 4.7, vipande viwili vilivyofukuliwa 2001 na 2002, shingo imenyooshwa mbele kama anapiga mbizi au anaruka. Mbali sana mashariki, huko Mal'ta karibu na Irkutsk, Mikhail Gerasimov alianza kuchimba 1928 na akapata ndege wa shingo ndefu waliochongwa miaka karibu 24,000 iliyopita. Wana tundu, ishara kwamba walivaliwa au walining'inizwa.

Maana. Ndege wa Hohle Fels aliwasumbua wataalamu kwa namna ninayoifurahia. Ile hoja ya kwamba wanyama wa enzi ya barafu ni alama za nguvu na ukali ilikuwa imesimama vizuri, simba hapa, mamothi pale, mara akatokea ndege mnene asiyemtisha yeyote. Basi labda hawakuchonga waliowaogopa peke yao. Wengi sasa hutazama kwa watu wa Siberia, ambako ndege anayepiga mbizi ni msafiri wa pande tatu: anga, nchi kavu na chini ya maji. Katika masimulizi ya asili ya dunia yanayopatikana kwa makabila kadhaa ya huko, ndege alizama chini ya maji ya mwanzo akaibuka na tope mdomoni, na tope hilo likawa ardhi. Waganga wao waliwategemea ndege wa aina hiyo kama wasaidizi wa safari. Kumvika ndege wa Ujerumani hadithi ya Siberia ni kuruka maelfu ya maili na maelfu ya miaka kwa pamoja. Kwa ndege wa Mal'ta daraja ni fupi kidogo, lakini bado ni refu.

Ukitaka ndege ambaye maana yake inasemwa na watu walio hai, mtafute korongo mweupe wa Siberia. Wasakha humwona mtakatifu, na kubahatika kumwona akicheza ngoma yake ni dalili ya furaha. Korongo huyohuyo huzaliana Yakutia na wengi wao hupitisha baridi ziwa Poyang, Uchina, ambako korongo ni alama ya maisha marefu. Ndege mmoja, safari moja, na anapotua upande wa pili amebadilishiwa maana. Sijui mfano mzuri zaidi wa kwa nini swali la "mnyama huyu maana yake nini" halijibiki mpaka utaje nchi.

Umbo. Ndege wa majini ndiye anayeikubali pembe kuliko wote. Mwili mviringo, shingo inayofuata mpindo, mabawa yaliyofungwa. Hana cha kuvunjika kirahisi. Korongo ni kinyume chake: miguu na mdomo ni sindano tupu. Mchukue akiwa amechongwa ubavuni mwa pembe kama nakshi, asisimame peke yake.

Anamfaa nani. Msafiri, anayeishi mbali na kwao, mzee unayemtakia umri. Huvalika pia kama kidani, na ni wachache kati ya hawa wanaovalika bila kukwaruza nguo.

Neno la pembeni kuhusu ndege. Karakana nyingi huchonga bundi kwa sababu Ulaya anasimama kwa hekima. Ukimpelekea mama mkwe wako kijijini bundi mweupe mwenye macho ya kung'aa, usitegemee hekima ndiyo itakayosomwa.

## Mamothi

Ushahidi. Mwaka 2006, katika Vogelherd ileile, alipatikana mamothi mzima wa sm 3.7, uzito gramu 7.5. Aliyemchonga aliwaona mamothi wakitembea. Waliomfuata Siberia maelfu ya miaka baadaye waliona pembe na mifupa tu, kwani mamothi wa mwisho walimalizika katika Kisiwa cha Wrangel miaka takribani 4,000 iliyopita. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mnyama huyu awe na sura mbili.

Maana. Mnyama ambaye hajaonekana akitembea lakini mizoga yake hutoka ardhini ni lazima aishi ardhini; ndivyo watu wengi wa Siberia walivyofikiri. Alichimba njia chini kwa pembe zake na kufa mara tu aonapo mwanga. Waevenki wanasimulia kwamba alishirikiana na joka kuitengeneza dunia: mamothi alifukua udongo kutoka majini kwa pembe, na joka likajiburuta juu yake, na lilipopita pakawa mito.

Alikuwa pia na kisirani. Mwaka 1799 mwindaji Ossip Shumachov aliona mzoga ukianza kujitokeza kwenye barafu karibu na mdomo wa mto Lena. Wazee walimwambia kwamba waliowahi kumwona mnyama kama huyo walikufa pamoja na jamaa zao, naye akaugua kwa hofu. Alipopona, hofu ikashindwa na bei: mwaka 1804 alizikata pembe akaziuza. Mifupa ilichukuliwa na mwanasayansi Michael Adams mwaka 1806, na ndiyo ile iliyosimamishwa St. Petersburg. Tangu hapo mamothi amebeba vyote viwili, nuksi na neema. Wachimbaji wa leo wanaoilainisha ardhi iliyoganda kwa pampu za maji wanaijua hali hiyo. Mmoja hupata pembe ya kumjengea nyumba, wengine hurudi na deni la mafuta.

Katika karakana za Yakutsk na Tobolsk, miji ya Siberia, amekuwa nembo ya kwao, kitu cha kumpa mgeni aondoke nacho.

Umbo. Nundu, kichwa kikubwa, miguu minene: hatoi shida, ila pembe zake ndogo ndizo huvunjika kwanza.

Anamfaa nani. Anayetaka malighafi na sura viwe habari moja. Mtoto humwelewa mara moja. Kwa mtu wa Afrika Mashariki, hata hivyo, atasomeka kama tembo, na tembo wa pembe nyeupe mezani kwako ni mazungumzo ambayo huenda usipende kuyaanza na kila mgeni.

## Wadogo wa Kijapani

Netsuke ni vifungo vya kuning'inizia mkoba kwenye mshipi wa kimono, vazi lisilo na mifuko. Vya zamani vilichongwa kwa mbao na pembe za ndovu; wachongaji wengi wa sasa wamehamia pembe ya mamothi. Kwa kuwa viligusana na nguo siku nzima, mnyama hukunjwa akawa duara bila ncha yoyote, na kwa umbo hakuna anayewashinda. Panya ni mwenzake Daikoku, mungu wa utajiri, kwa hiyo yeye ni ghala lililojaa. Sungura anaonekana mwezini akitwanga wali wa kutengenezea keki. Sungura mjanja wetu hana undugu naye, japo wangeelewana. Wote wawili wamo pia katika wanyama 12 wa kalenda, hivyo unaweza kuchagua kwa mwaka wa kuzaliwa wa unayempa.

## Sheria, ambayo haibagui mnyama

Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, haujamweka mamothi katika orodha zake. Pendekezo la Israel liliwasilishwa katika mkutano wa Geneva mwaka 2019 na likaondolewa. Lakini nchi zina sheria zao. India imepiga marufuku biashara yake, na Marekani majimbo ya New York, New Jersey, California na Hawaii yanaibana pamoja na pembe za ndovu. Uchina ilifunga biashara halali ya pembe za ndovu mwisho wa 2017 na Hong Kong mwisho wa 2021, mamothi akabaki nje ya marufuku hizo.

Wanaotetea biashara hii wanasema inampunguzia tembo mzigo. Wanaoipinga wanasema inampa mwuza pembe haramu kichaka cha kujificha, na kwa nchi kama Kenya, iliyochoma tani 105 za pembe mwaka 2016, hoja hiyo si ya nadharia. Mimi naegemea kwa wapinzani pale ambapo kinyago hakina karatasi, na kwa watetezi pale ambapo kinayo.

Kutofautisha kunawezekana kama sehemu iliyokatwa kukingama inaonekana. Pembe zote mbili zina mistari inayopishana, iitwayo mistari ya Schreger. Karibu na ukingo wa nje, ya mamothi hukutana kwa kona ya chini ya nyuzi 90, ya tembo zaidi ya 115. Madoa ya buluu ya madini ya vivianaiti nayo huashiria pembe iliyokaa ardhini muda mrefu. Kwenye kinyago kidogo kilichong'arishwa pande zote, huenda usione chochote kati ya hivyo.

## Kwa hali yako

Ikiwa zawadi ni ya harusi au nyumba mpya na unataka maana utakayoisimamia bila kuona aibu, chukua farasi wa Kisakha aliyelala, na uandike kwenye kadi ni wa wapi. Kwa mzazi au mzee, korongo wa nakshi. Uchina ndiko utakakopata chaguo pana.

Ikiwa ni ya darasani au rafu ya vitabu, nakala ya Simba-mtu au ya ndege wa Hohle Fels inatosha, na ni halali popote. Kati ya hao wawili, ndege huzua mjadala mzuri zaidi, kwa sababu hakuna mtoto atakayesema "nguvu" kabla hajafikiri.

Kwa kuvaa: ndege au netsuke. Kwa mkusanyaji mwenye fedha: netsuke yenye sahihi ya mchongaji na karatasi inayotaja mamothi kwa jina la kisayansi, Mammuthus primigenius.

Aliyepo Guangzhou kwa mizigo na anafikiria kubeba kimoja hadi Dar es Salaam au Nairobi ajue kwamba sheria ya wanyamapori ya Tanzania ya 2009 na ya Kenya ya 2013 hazina mzaha na pembe za ndovu, na ofisa wa uwanja wa ndege hana sababu ya kuamini maneno yako matupu. Uliza mamlaka za wanyamapori za nchi unakokwenda kabla hujalipa, udai risiti na cheti, na ukichagua mamothi au farasi, chukua ambaye sehemu ya chini ya kitako haijang'arishwa, ili mistari ionekane. Ukikosa cheti, nunua aliyechongwa kwa mfupa wa ng'ombe. Farasi hubaki farasi.